Kitoweo Alichonipa Salehe

Leo asubuhi Salehe amenipa kitoweo, nami sijapata kutukanwa namna hiyo.

Msicheke kwanza.

Tangu zama za Ujamaa, tulipokuwa vijana hapa Mjimwema, mimi na Salehe tumevua kwa mpira mmoja wa tairi la lori. Mmoja huelea nao akishika mshipi, mwingine hungoja zamu yake ufukweni. Samaki tunagawana nusu kwa nusu.

Leo amekuja na kayaki nyekundu ya plastiki, kijimtumbwi chenye viti viwili.

"Panda, ndugu yangu. Mpira huu utatuua uzeeni."

Nikamjibu kwamba mpira haujawahi kunizamisha. Nilitaka anibembeleze. (Naam, nakiri.)

Hakunibembeleza. Alimgeukia Komba, mchonga vinyago aliyehamia mtaani kwetu juzi tu, asiyejua hata kufunga ndoana.

"Haya, Komba, kiti chako hicho!"

Wakaondoka wakicheka. Nikaelea peke yangu, nikapata changu wawili wadogo, na kila kicheko chao nilikisikia.

Waliporudi, niliwasaidia kuvuta kayaki hadi mchangani. Salehe akachagua kolekole mnono, akaniwekea mkononi.

"Kitoweo chako, mzee mwenzangu. Ahsante kwa kutuvuta."

Kitoweo! Hicho hupewa mpita njia aliyesaidia kuvuta chombo. Nusu yangu ilikwenda kwa Komba.

Mke wangu anauliza kama amkaange kolekole huyo au ampike kwa nazi.

Ninyi mngemla?