Bi Kata na Sauti Kutoka Chumbani kwa Mama

Studio nzima ilimwita Bi Kata, kwa kuwa neno lake kubwa lilikuwa hilo: "Kata hapo." Alikuwa mhariri wa filamu, mwanamke mfupi mwenye miwani ya kamba shingoni, na mkono wake wa kulia haukubanduka kwenye kibodi hata akinywa chai. Waongozaji walimwogopa. Asiyemwogopa alikuwa mmoja tu, kaka yake, fundi sauti. Tangu waanze kazi walikaa chumba kimoja, dada akikata picha, kaka akizivisha sauti zake: nyayo, milango, vikombe, mvua.

Kisha mama yao akateleza bafuni, akavunjika nyonga. Alitibiwa akarudi nyumbani, lakini hakuweza kutembea, akawa si wa kuachwa peke yake tena. Kaka, ambaye hakuwa na mke wala mtoto, alifungasha maiki zake akahamia kwa mama, mji wa mbali, na filamu ilikuwa bado haijaisha.

"Tutafute fundi mwingine," alisema mwongozaji.

"Basi tafuta na mhariri mwingine," alijibu Bi Kata bila hata kugeuka.

Kusema ni rahisi. Kaka alirekodi kulekule akawa anatuma, na Bi Kata akazipachika nyayo moja moja kwa mkono mpaka macho yakamwasha. Akitaka kumwonyesha kaka penye kasoro, ugomvi.

"Pale anapoinuka."

"Anainuka kila saa huyo! Pale wapi?"

Walikata simu wamenuniana kama watoto.

Hapo ndipo Bi Kata alipoikumbuka taimkodi, ile saa iliyomo ndani ya programu ya kuhariri, inayohesabu kila picha ya filamu tangu ya kwanza. Vipi kama angeitoa saa hiyo nje kama sauti, akaipitisha kwenye mtandao hadi kwenye kompyuta ya kaka? Kaka alikuwa na nakala ya filamu ileile. Kompyuta yake ingeisikia saa, ingejua dada yuko wapi, na ingekwenda naye sambamba. Na chochote ambacho kaka angerekodi kingebeba alama ya saa hiyo, kikitumwa kiangukie mahali pake chenyewe. Akahangaika na mipangilio mpaka programu ikatoa mlio mkavu, wa kukwaruza, kama nzi aliyefungiwa kwenye kopo.

Asubuhi wakaunganishana.

"Unausikia?"

"Nakusikia wewe tu, mdogo wangu."

Bi Kata akakagua nyaya, akazima, akawasha, akamlaumu kaka. Kumbe programu waliyotumia kupigiana simu ilikuwa na tabia ya kusafisha kelele, na ule mlio iliuona uchafu, ikaufyeka. Walipoizuia, mlio ukapenya, ukatokea kwenye spika za kaka na kujaa nyumba nzima.

"Nyie!" mama akaita kutoka kitandani. "Nani kaleta mdudu humu ndani?"

"Si mdudu, mama. Ni kitindamimba wako."

"Maskini! Ndiyo sauti yake siku hizi?"

Bi Kata alicheka mpaka akavua miwani.

Hata hivyo sauti bado zilikuwa zinayumba, mara ziwahi, mara zichelewe. Kaka akausingizia mtandao, Bi Kata akayasingizia masikio ya kaka. Mwishowe kaka akakohoa kidogo.

"Hivi filamu yako ina picha ngapi kwa sekunde?"

"Ishirini na tano."

"Ahaa."

"Ahaa nini?"

"Mimi huku nimeweka thelathini."

Bi Kata alimpa maneno yake, na kaka akayapokea kwa adabu zote. Baada ya hapo kazi ikawa inateleza.

Wakafika kwenye sehemu ya bibi mmoja anayeketi kwenye benchi la hospitali. Sauti yake ya asili ilikuwa imeharibiwa na jenereta, kwa hiyo kaka alitakiwa kurekodi benchi likilalamika, angalau pasiwe kimya. Bi Kata akabonyeza, saa ikakimbia. Punde faili likaja, likajipanga mahali pake. Kwenye skrini bibi aliinama, akaligusa benchi, akajishusha. Kilichotoka si mlio wa benchi.

"Aah! Mgongo wangu jamani! Haya, tumefika."

Ilikuwa sauti ya mama, na midomo ya yule bibi ilikuwa imefunguka kidogo, kana kwamba ni yeye aliyesema.

Bi Kata akarudisha, akasikiliza tena. Kabla ya ile sauti zilisikika hatua, za pole, za kuburuza, na fimbo ikigonga sakafuni. Mkono wake ukatoka kwenye kibodi.

"Kaka," alisema, "mama anatembea?"

"Tangu juzi. Alinikataza nisikwambie, alitaka umkute mlangoni. Leo kaingia kuketi maiki ikiwa wazi, nikaogopa hata kupumua."

 Bi Kata akaomba aongee na mama.

"Mimi niingie kwenye filamu?" mama alishangaa. "Nilikuwa nalalamika tu, mwanangu!"

"Ndicho tunachokitaka, mama. Usibadilishe kitu."

Mwongozaji aliposikia aliuliza mwigizaji yule kapatikana wapi. Akaambiwa ni siri ya ofisi.

Filamu ilipokamilika Bi Kata aliomba likizo, akaibeba kwenye kompyuta hadi nyumbani. Mama alikutana naye mlangoni kweli, ameegemea fimbo, kajifunga kitenge kipya. Waliitazama watatu, wamebanana kwenye kochi moja, kaka na dada wakibishana kuhusu mlango mmoja ambao bado haukuwaridhisha. Mama aliposikia mgongo wake ukilalamika aliwaziba midomo wote wawili, mkono huku na mkono kule, mpaka bibi wa watu akakaa vizuri.

"Sasa hiyo ijayo," alisema filamu ilipoisha, "hawamtafuti mtu wa kukohoa? Maana kikohozi changu ni kizuri zaidi ya hapo."