Zimwi na Dereva wa Gari la Sinema

Gari la sinema lilipofika kijiji chetu cha ujamaa, Kang'ata, lilituonyesha sinema ya zimwi linalonyonya damu za watu, sinema isiyo na rangi. Wazazi wetu walikwisha kufariki, wadogo zangu wawili walikuwa mikononi mwangu, na kila mtu alijua kwamba mumiani, wale wauza damu, huja na gari. Nikawafunga wote wawili viunoni kwa khanga yangu, nikakaa nikimkodolea macho dereva.

"Dada, meno ya zimwi kama muhogo!" mdogo wangu akacheka.

"Wewe cheka. Mimi namwangalia mwenye gari."

Juzi mjukuu wangu alinionyesha sinema kama ile kwenye simu. "Bibi, hili ndilo mlilokuwa mkiliogopa?"

"Hilo halikunitisha hata siku ile," nikamjibu. "Simu hiyo umepewa na nani?"