Nani Anampandaka Farasi Wetu

Nasema mapema: mimi ni mtu wa kushuku. Mama alikuwa akisema nilizaliwa nikimkodolea macho mkunga. Kwa hiyo miaka ile ya hamsini, Baba aliponunua farasi jike kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya, jambo la kwanza nililojiuliza ni kwa nini Mzungu anauza kwa haraka hivyo.

Farasi mwenyewe nilimjua vizuri. Nilikuwa saisi wa Mzungu huyo, nikimlisha, nikimsugua, nikimwosha kwato, na nilimpenda kuliko nilivyowapenda watu wengi wa mji wetu, Gisenyi. Alikuwa mwekundu mwenye doa jeupe usoni, bado mgeni wa tandiko. Baba aliuza vitambaa katika mtaa wa Waswahili, na siku farasi alipoingia uani kwetu aliwatangazia jirani zake barazani:

"Siku ya Idi nitaenda musikiti juu ya farasi! Sisi ni watu ya farasi tangu Tabora, tangu babu yangu."

Kisha akanigeukia. "Bon. We utamufundisha. Kama Idi inafika na hajatulia, namuuzia ule Muzungu wa pareto."

Mzungu wa pareto alikuwa na shamba upande wa Busasamana. Alitaka mnyama wa kuvuta mkokoteni, na kiboko chake kilijulikana kuliko jina lake. Punda wake nilimwona barabarani siku moja, mgongo umechubuka mpaka nyama inaonekana. Huyo ndiye aliyekuwa akimngojea farasi wangu. Ndiyo, nasema wangu, ingawa pesa zilikuwa za Baba.

Basi nikaanza kazi. Kila siku baada ya chai nilimtoa njia ya Rubona, ziwa likiwa mkono wa kulia, tukaenda polepole, tukasimama, tukageuka, tukajaribu mbio ndogo pale penye mchanga. Tukirudi sikushuka upesi. Nilikaa juu ya tandiko uani, nikaipitia safari nzima kichwani: wapi alinisikia, wapi alishtuka kwa sababu ya lori, mkono wangu ulikuwa mwepesi au mzito. Nilijihukumu bila huruma, na hesabu ilikuwa nzuri. Farasi alikuwa anajifunza.

Halafu mafunzo yakaanza kurudi nyuma. Nikigusa hatamu, anatupa kichwa juu kama mtu aliyechomwa. Nikimwambia simama, anakwenda. Niliipitia safari ile mara tatu, nikatafuta kosa langu, sikuliona. Nikamfungua mdomo: pembeni, pale lijamu inapokaa, palikuwa pekundu. Mkono wangu haukufanya hivyo! Kesho yake nilipopanda, magoti yalinipanda karibu na kidevu. Vikuku vya kuwekea miguu vilikuwa vimefupishwa.

Yebabawe! Mtu mfupi alikuwa anampanda farasi wetu.

Tangu hapo sikulala vizuri. Nilimshuku fundi cherehani wa jirani, maana alikuwa anacheka kila nikipita. Nilimshuku hata muadhini, Mungu anisamehe. Lakini aliyenikaa moyoni ni shemeji, mume wa dada yangu, dereva wa lori, mfupi, mwenye majivuno ya kutosha watu wawili. Alipokuja kula kwetu nilimzunguka nyuma nikamkagua suruali kama ina manyoya.

"We, shemeji, unatafuta nini ku matako yangu?"

"Natafuta mutu anapandaka farasi yetu."

Akacheka mpaka wali ukamtoka puani. "Mi? Mi napanda kamyo tu. Hiyo kitu yako haina breki!"

Dada alikasirika, chakula kikaharibika. Mama aliondoa sahani akaniambia kwa sauti ya chini: "Unachunguza wageni tu. Ya nyumbani umeichunguza?" Nikamshuku na yeye pia kwamba anajua kitu.

Kila siku baada ya sala ya alfajiri nilikwenda nje ya mji kukata majani. Siku moja nikatoka na panga langu kama kawaida, nikafika kona, nikarudi kupitia nyuma ya nyumba na kujificha kando ya jiko. Kukakucha. Mlango wa nyumba ukafunguka, na Baba akatoka, mfupi kama alivyokuwa siku zote.

Alikuwa ameikunja kanzu mpaka magotini. Alipanda kwa kutumia ndoo, akateleza, akapanda tena. Akazikamata hatamu kwa mikono miwili, akazivuta mpaka kifuani, macho ameyafumba, midomo inasoma dua. Farasi akisogea hatua moja, Baba anavuta. Maskini mnyama alikuwa anazunguka na mdomo wazi.

Hasira ilinipanda. Nilitaka kutoka nipige kelele: kumbe ni wewe unamharibu, na wewe ndiye utamuuza kwa sababu ameharibika! Watu wa farasi tangu Tabora, wapi! Lakini nilibaki pale kando ya jiko. Wahenga walisema ukivuliwa nguo, chutama. Hawakusema mtoto afanye nini akimwona baba yake hana nguo. Nikaenda kukata majani, na nililia huko, kwa hasira na kwa huruma, sijui ipi ilizidi.

Siku ile niliporudi kutoka Rubona, Baba alikuwa barazani na kahawa yake. Nikaanza kuipitia safari yangu, lakini safari hii kwa sauti, nikimwambia farasi.

"We farasi, leo umesimama vizuri. Unajua sababu? Sikukuvuta. Mutu akivuta sana, unafikiri anakutesa. Mi nalegeza vidole, nakaa muzito ku tandiko, natazama mbele. Macho nayafungua."

Baba alikunywa kahawa. Hakugeuka.

Nikafanya hivyo kila siku. Alfajiri sikuchungulia tena, lakini nilichungulia mdomo wa farasi, na wekundu ukaanza kupona. Baba akaendelea na kahawa yake. Nilimshuku kwamba amenielewa, tena nikamshuku kwamba hajanielewa kabisa na atamuuza tu.

Idi ikafika. Baba akatoka na joho lake, akapanda bila ndoo. Nilitembea kando, mkono wangu karibu na lijamu. Vidole vyake vilikuwa vimelegea. Macho yalikuwa wazi. Farasi alikwenda kwa adabu mpaka mlango wa msikiti, na watu wakapiga vigelegele.

Fundi cherehani akapaza sauti: "Mzee! Kweli nyinyi ni watu ya farasi! Huyu ulimufundisha weye mwenyewe?"

Nilijua atakavyojibu. Niliinamisha kichwa nisimwone akisema ndiyo.

"Hapana," Baba akasema. "Farasi alimaliza kujifunza zamani. Mi ndiye sijamaliza."

Baba akaniinamia kutoka juu ya tandiko, mbele ya mji mzima.

"Kesho tunaanza saa ngapi, mwalimu?"