Koti Lisilojibu

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, niliporudi kijijini kwetu Kwanza kutoka Bungoma nikiwa nimevaa koti lililonibana mabegani. Lilikuwa koti la mitumba, la kijivu, na nilikuwa nimelinunua sokoni kwa sababu nilikuwa nimeitwa kazi ya ofisi. Nasikia nawe uko njia panda: huku mshahara mnono wa ofisini, huku kazi yako ndogo unayoifanya nyumbani. Basi keti nikusimulie habari za koti hilo.

Mimi sikusoma sana. Darasa la sita nililigeuzia mgongo, nikawa mtu wa kuzurura. Nilipakia magogo kwenye kiwanda cha mbao chini ya Mlima Elgon, nikawa tanboi, yaani utingo, wa lori la mahindi, nikafagia jumba la sinema mjini Kitale, na pale sinema si shida pekee iliyonipeleka. Nilitaka kujua picha inaingiaje ndani ya mwanga. Mtembezi hula miguu yake, na mimi yangu niliila hadi magotini. Kitu cha maana nilichookota njiani ni ufundi wa redio, na hata huo niliupata kwa kufungua redio iliyokufa ili nione sauti zilikuwa zimejificha wapi.

Katika miaka ya themanini baba yangu alipooza upande mmoja. Hospitali ya misheni kule Lugulu walimsaidia akaweza kuketi na kula, lakini ulimi ulikuwa mzito na macho yalikuwa yamefifia. Nikarudi nyumbani. Nikaweka meza barazani, nikapasha chuma changu cha kuchomelea kwenye jiko la makaa, watu wakaanza kuniletea redio zao. Baba aliketi kando yangu.

Lazima uelewe jambo moja. Kwetu, mzee akiona siku zake zimekaribia, huwaita wanawe akasema nao na kuwabariki kwa kinywa chake mwenyewe. Hakuna mtu awezaye kumsemea. Boma ambalo baba yake ameondoka kimya hubaki na ndugu wanaotazamana kwa mashaka miaka na miaka. Kwa hiyo ulimi wa baba haukuwa wa baba peke yake. Ulikuwa wetu sote.

Nami, kwa udadisi wangu tu, niligundua kitu. Ukimwuliza baba jina la kitu, alinyamaza. Lakini ukikiita kwa jina la uongo, alikasirika, na hasira ilimfungua kinywa. Siku ya kwanza niliinua spika ya redio nikamwambia, "Mzee, shika hii sufuria." Akanitazama vibaya sana. Midomo ikahangaika. "Si... sufuria," akasema. "Spi... ka." Tangu hapo ikawa ndiyo kazi yetu. Baadaye alianza kunichokoza yeye mwenyewe: huinua waya na kuniuliza, "Hii?" Nami humjibu, "Hiyo ni mkia wa panya." Hucheka hadi machozi, kisha hutamka, "Waya." Neno moja leo, neno moja kesho. Haba na haba.

Ila majirani hawakuona kazi pale. Wakati ule mtu mwenye kazi ni yule aondokaye asubuhi. Jirani yetu Mama Nafula alikuwa akianika mahindi yake karibu na baraza na kunipigia kelele, "Nifukuzie kuku, bana. Si wewe uko tu?" Niko tu. Maneno hayo yalinichoma kuliko makaa ya jiko langu.

Basi Mzee Gurdial akaniita. Huyu alikuwa Kalasinga, Mhindi wa kilemba, mwenye duka la redio na cherehani Bungoma, mzaliwa wa pale pale, na mimi nilizoea kununua vipuri kwake. Alitaka mtu wa kukaa katika ofisi ya nyuma ya duka, apokee simu na kuagiza vipuri. "Fundi, mshahara ni kila mwezi," aliniambia. "Mvua inyeshe, jua liwake, wewe unapata. Huko barazani nani anakulipa siku redio hazijaharibika?" Alisema kweli. Mshahara wenyewe ulizidi mapato ya mwezi wangu mzuri mara mbili. Tena kulikuwa na simu, mwanangu, nami sikuwa nimewahi kuona ndani ya simu.

Siku hiyo hiyo alinituma na ujumbe kwenye ofisi moja mjini. Nilikuta kiti kitupu kimevikwa koti. Nikamwuliza kijana wa meza ya pili mwenyewe yuko wapi.

"Yuko."

"Yuko wapi?"

"Si unaona koti lake?" akasema, bila kuinua macho.

Nilicheka njia nzima hadi sokoni, na nilipofika sokoni nikanunua koti. Nilijiambia, hiyo ndiyo kazi. Mtu anakwenda zake, na kitambaa kinabaki kikimfanyia kazi. Jioni niliwasimulia nyumbani.

Kesho yake nililitundika kwenye kiti changu pale barazani ili kila apitaye alione. Nikamwachia baba redio ikiimba, nikaenda kuwaaga rafiki zangu. Nikakawia. Niliporudi jua lilikuwa limeinama, nikamkuta shangazi yangu Nekesa, tuliyemwita Senge kama tunavyowaita dada za baba zetu, amesimama mlangoni. Aliweka kidole mdomoni.

Baba alikuwa ameinua waya mbele ya koti. "Hii?" akauliza. Akangoja. Macho yake hayakuona vizuri; aliona mabega, aliona kijivu, akadhani ni mimi. "Hii?" Akangoja tena, uso umejaa kile kicheko alichokuwa amekiandaa. Kisha kicheko kikamtoka usoni polepole. Akauweka waya mezani na kuvuta blanketi.

"Amekuwa akilisemesha tangu alipomaliza kula," Senge alisema kwa sauti ya chini. "Nilitaka kuliondoa, nikasema la, mwenye koti aje aone. Ati huko Bungoma koti humkalia mtu kiti chake? Labda. Hapa limekukalia mchana mzima, na halikumjibu baba yako hata neno. Utakuwa unarudi mara moja kwa mwezi. Itakapofika siku ya kutuita, atatuita kwa ulimi gani?"

Nililiondoa koti, nikaketi. Baba hakuinua kitu kingine siku ile.

Nilirudi Bungoma kumwambia Mzee Gurdial kwamba siwezi. Alikunja uso, akachezea ndevu zake. Mwishoni akasema, "Haya, kama fundi haji kwa redio, redio zije kwa fundi." Akawa ananitumia redio mbovu ndani ya katoni, kwa basi la Kitale, nami nazirudisha zikiwa zinazungumza. Nisikudanganye: haikuwa mshahara. Kuna miezi katoni haikuja. Kijana mwingine alikikalia kile kiti, akajenga nyumba ya matofali wakati mimi bado nakinga matone ya mvua kwa sufuria, na nilimwonea wivu.

Miaka ya tisini ilipoingia, baba alituita. Ndugu yangu mkubwa alikuja kutoka Eldoret, dada zetu wakaja, Senge akaketi karibu na kichwa chake. Baba alisema na kila mmoja, maneno machache, ya kukatikakatika, lakini yake. Aligawa shamba, na mpaka leo hakuna aliyesogeza mpaka. Alipofika kwangu alinishika mkono, akauinua mbele ya watu wote.

"Hii?" akauliza.

Nilijua wajibu wangu. "Huo ni mguu, baba."

Akatikisa kichwa. "Si mguu," akasema. "Mkono. Mkono wa nyumba hii."

Ndiyo baraka yangu, mwanangu. Mimi niliyekula miguu yangu, nilipewa mkono.

Sasa usiseme mzee amekukataza ofisi. Mkono mtupu haulambwi, na mshahara hulea watoto. Ninalokuambia ni hili: kabla hujalinganisha pesa na pesa, tazama kiti utakachokiacha nyumbani, ujiulize ni nani atakayeketi mbele yake akisubiri jibu. Kama hakuna, vaa koti lako uende, wala usitazame nyuma. Kama yuko, basi fimbo ya mbali haiui nyoka. Tafuta njia kazi ikufuate ulipo, hata ikija ndani ya katoni, hata wakikuambia uko tu. Kuwako nako ni kazi.

Mungu akupe riziki isiyokuondoa panapokuhitaji. Na siku wako watakapoinua kitu na kuuliza, wakukute umeketi, una jibu mdomoni.