Matairi ya Trekta na Tusi Langu la Kwanza

Mama alinichukua hadi Mahajanga kwa sababu ya Kifaransa changu cha shule, tukatafute matairi mawili ya nyuma ya trekta letu. Ya zamani yalikuwa vipara kabisa. Trekta likiingia kwenye tope linazunguka pale pale na kutupaka sisi. Baba alibaki kisiwani kwetu Nosy Be na shamba la mpunga lisilolimwa, akitazama mawingu. Tungerudi mikono mitupu, mvua ingetukuta hivyo hivyo, na mwaka mzima tungekula mchele wa kununua.

Melini nilikariri sentensi zangu mpaka nikaota kwa Kifaransa. Kwenye ghala la matairi tukamkuta mzee mnene, Msakalava kama mama, Kifaransa changu kikakosa kazi. Nilishukuru Mungu. Akapima kamba tuliyokata kwa kipimo cha ringi, akaonyesha matairi mawili mapya ukutani.

"Ndiyo haya. Ila mkoloni mmoja alisema nimwekee, na hajaja. Ninyi ngojeni meli ijayo."

Mama akamuuliza tu ni wa ukoo gani. Alipoutaja, mama akapiga makofi. Ukoo ule na wetu ni watani tangu mababu, ziva tunavyosema, na mtani akikuomba kitu, kumnyima ni aibu, hata akikutukana kwanza.

"Ndiyo maana ghala linanuka, kumbe yumo mtu wa kwenu! Lete matairi, mlafi wee!"

Mzee akacheka, tumbo likatikisika. "Watu mlioogopa hata kukama ng'ombe, leo mna trekta? Haya, mkoloni atangoja yeye. Lakini huyu binti naye ni mtani wangu. Asiponitukana, matairi hayatoki."

Mimi! Mimi ambaye darasani nikiitwa naitika kwa kuinua kidole. Masikio yaliwaka moto. Mama akaninong'oneza, "Sema, mwanangu, mpunga huo."

Nikainua macho, nikakiona kichwa chake.

"Babu, baba yangu anasema duniani hakuna kipara kama cha matairi yetu. Hajakuona wewe."

Mzee aliyakumbatia matairi kwa kucheka, akawaita wapakizi wote. "Rudia, mjukuu wangu, wasikie!" Nikarudia, safari hii kwa sauti.

Mama akalipa, tukayaviringisha hadi bandarini, yeye moja, mimi na mama moja. Njiani nilimwongezea matusi mengine mawili bila kuombwa.