Kipande Kilichojaa

Kwao Tongoni walimcheka sana Msafiri Hatibu alipokwenda kukata mkonge. Ile, walisema, ni kazi ya manamba wanaoletwa kwa malori kutoka bara; mtoto wa pwani ana bahari yake na minazi yake. Wacheke tu. Msafiri hakuwa na mnazi hata mmoja, na baharini kila akienda hutapika nyongo. Akaenda zake shamba moja upande wa Mwera, akapewa panga, chumba cha kambini na kipande.

Kipande chenyewe ni kadi tu, ina visanduku thelathini. Ukimaliza kukata mafungu yako ya siku, nyapara anatia alama kisanduku kimoja. Mwenye kipande ana kazi, na mwenye kazi ana chumba. Asiye nacho akunje mkeka wake aondoke na wanawe.

Jirani yake, ukuta kwa ukuta, alikuwa Uweso na mkewe Mwamvua. Uweso alikuwa mcheshi hasa, na ndiye aliyemfundisha Msafiri kuikwepa miiba ya mkonge, maana siku za mwanzo alikuwa akirudi damu zinamchuruzika. Kwa hiyo mwaka 1953, bei ya mkonge ilipoanguka huko Ulaya na Uweso akaanza kukohoa, Msafiri hakungoja kuombwa. Meneja alikuwa anatafuta wa kupunguza. Ukikosekana kazini siku chache tu, umekwenda na maji. Basi Msafiri akawa anakata mafungu yake, kisha anakata ya Uweso. Nyapara Mwinyijuma alijua, akafumba macho, akatia alama vipande vyote viwili. Hiyo ndiyo desturi ya kambi mtu akiugua, na ni desturi ya kiungwana, hata kama safari hii iliwatokea puani.

Kikohozi kikaja na damu. Mwamvua akamkokota mumewe mpaka kwa dresa, mtibabu wa shamba. Dresa hakumgusa. Alitaka kipande kwanza, akakiona kimejaa alama tangu juu hadi chini.

"Huyu anakata mkonge kila siku ya Mungu," akasema. "Mgonjwa gani huyu? Wataka kitanda ulale bure?"

Mwamvua angesema nini? Akisema kweli, chumba hana. Akapokea vidonge vya homa, akarudi na mumewe.

Msafiri aliposikia alipandwa na hasira. "Naenda kusema mimi. Nitawaambia ni mkono wangu uliokata."

"Ukisema, n'takufa barabarani na mke wangu ananitazama," Uweso akamjibu. "Kata, ndugu yangu. Nitapona."

Msafiri akaendelea kukata.

Mwezi uleule Serikali ikaleta afisa kuhesabu watu wenye kazi. Ikatoka amri: kila mtu asimame uwanjani na kipande chake mwenyewe, asiyeonekana afutwe. Msafiri na Mwinyijuma wakamtoa Uweso kitandani, wakamsimamisha katikati yao na kumbana mabega asianguke. Jua lilikuwa kali. Karani akapita akihesabu kwa kidole; kidole kikamfikia Uweso, kikapita.

Afisa alifurahi mno. Kwa kinywa cha mkalimani akasema kwamba bei imeshuka lakini shamba hili halikupoteza mtu hata mmoja. Na kwamba kama daktari anavyoshika mkono wa mgonjwa kusikiliza mapigo, ndivyo nchi inavyopimwa kwa idadi ya watu wake wenye kazi. Jimbo la Tanga, akasema, lina afya njema. Watu wakapiga makofi. Msafiri hakupiga, kwa sababu mikono yake ilikuwa imemshika Uweso.

Uweso alikata roho alasiri ileile. Katika hesabu ya Serikali alibaki, maana afisa alikwishaondoka nayo. Chumbani Mwamvua hakubaki. Matanga hayajaisha vizuri akaambiwa chumba kina mtu mwingine.

Msafiri akamsindikiza mpaka barabara ya Pangani, mzigo kaubeba yeye kichwani.

"Shemeji, nikuulize," Mwamvua akasema, "wala sikulaumu. Kile kipande kingekuwa kitupu, dresa si angempima?"

Msafiri alitaka kumjibu kwamba wangefukuzwa chumbani. Akahisi uzito wa mkeka na masufuria kichwani mwake, akautengeneza mzigo, akazidi kutembea.