Maharagwe Ndani ya Kikapu cha Nyanya

Mama alipokubali kikapu cha mkonge alichoachiwa na nyanya kikahifadhiwe Voi, kwenye chumba cha vitu vya kale, alikitia maharagwe kwanza. Kwetu Chawia humpi mtu kikapu kitupu. Ni kama kumtakia njaa.

Mhifadhi alikuwa dada wa Kaloleni, mwenye Kiswahili laini cha Pwani. Alikipokea kwa glavu, akachungulia ndani, akashtuka.

"Uniwie radhi, mama. Haya yakiwa na wadudu, watatafuna vikapu vyote humu."

Akayamimina kwenye bakuli. Mama aliyatazama tu yakimwagika, kisha tukapanda kurudi nyumbani. Mimi ndiye niliyekasirika. Mtu anasema anatunza mila zetu, halafu kitu cha kwanza anachofanya ni kuzimwaga.

Mwaka jana, baada ya kumzika mama, nilishuka Voi kukiona kile kikapu. Nilikuwa nimejiandaa kuwa mkali. Yule dada alinitambua, akakileta mezani amekishika kwa mikono miwili. Ndani kulikuwa na kifuko safi kilichofungwa vizuri, na ndani ya kifuko, maharagwe ya mama.

"Niliyaweka kwenye friza mpaka nikajua hakuna mdudu aliyebaki," alisema. "Ndipo nikayarudisha. Niliona siku ile uso wa mama ulivyoshuka."

Mimi, mtoto wa Chawia, nilikuwa nimekuja kwake mikono mitupu.